Wananiita wakili, nami sijaapishwa

Shikamoo Anti,

Nasoma safu yako tangu niko chuo, na siku zote nilikuwa najiambia hawa wanaoandika wana muda wa kuchezea. Leo zamu yangu.

Mimi ni binti wa miaka 32, naishi Morogoro. Nina shahada ya sheria. Baada ya chuo nilikwenda Law School, Dar es Salaam, kama wenzangu wote wanaotaka uwakili. Nilikaa Mbagala kwa mama mdogo, alfajiri nagombea daladala za Mawasiliano, usiku nauza vitenge mtandaoni nipate nauli ya kesho. Matokeo yalipotoka nilikuwa na sapu nyingi. Nikarudia. Nyingine nikazivuka, mbili zikagoma: uandishi wa nyaraka za kisheria na mwenendo wa mashauri ya madai. Hapohapo mama mdogo akaugua, hela ikakata, nikarudi nyumbani nikisema najipanga nirudi. Sijarudi mpaka leo. Hata sijui kwa sasa jina langu lipo au nilishadisko, maana kuna barua pepe za kule sijazifungua.

Sasa hivi nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili mmoja hapa mjini. Kwa cheo ni karani, ila ofisi ni mimi. Mtu akija na mirathi, mauziano ya kiwanja au cheti kilichopotea, anaanzia kwangu na mara nyingi anaishia kwangu. Bosi ni mtu mzima, aliapishwa zamani, ana kesi Dodoma na Dar, anaweza kumaliza wiki hajaonekana. Akisafiri ananiachia mhuri, na kwenye droo ya chini kuna faili la kijani lenye karatasi tupu ambazo ameshazisaini. Mteja akitaka kiapo nachapa, nachomeka karatasi kwenye printa kwa kukadiria saini itaangukia wapi, nagonga mhuri. Kiapo kinasomeka kimeapwa Morogoro mbele ya bosi, na bosi wakati huo yuko kwenye basi ameshapita Gairo.

Wateja wananiita wakili. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha, nikachoka. Na kusema kweli naandika vizuri. Kuna mawakili wa ofisi za jirani wanakuja kuniomba niwapitishie macho kazi zao.

Sasa bosi anataka nikafungue tawi Ifakara. Anasema kule migogoro ya ardhi haiishi, wateja wapo tele, kibao kitakuwa na jina lake, mimi nitakaa na mhuri, mapato tutagawana nusu kwa nusu. Nilipomwambia nafikiria kurudi Law School alicheka sana: "Mwanangu, sisi hatukupita huko na tunakula. Utakwenda kulipa ada ili ufundishwe unachokifanya hapa kila siku?"

Nyumbani nako kuna la kwao. Baba ni mwalimu mstaafu. Amesikia kwa mama kwamba nilikwamia njiani, na bila kuniuliza ameanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja chetu cha Mkundi ili nirudi nikamalize. Mdogo wangu wa kiume, ambaye wote tulijua kiwanja kile ni chake, haongei na mimi.

Halafu nimechumbiwa. Mchumba wangu anajua sijaapishwa, lakini anachukulia ni jambo la muda tu. Ndugu zake wamefungua kundi la WhatsApp la michango, na juu wameandika "Harusi ya Mhandisi na Wakili Msomi". Watu wanaahidi michango humo kila siku. Niliona, nikanyamaza.

Anti, nirudi shule nile kiwanja cha mdogo wangu, pengine nifeli tena? Niende Ifakara nitengeneze hela kwanza? Au niachane na sheria kabisa nitafute biashara? Nisaidie, usingizi umenipotea.

Binti wa Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma asubuhi nikaiweka, nikaisoma tena jioni. Kwa kuwa mimi si mwanasheria, nilimpigia wakili mmoja ninayemheshimu, nikamuuliza mambo ya sheria bila kumwambia wewe ni nani wala uko mkoa gani. Ya sheria utakayosoma hapa ni yake. Ya moyo ni yangu.

Nikikuelewa vizuri, unauliza swali moja, niende wapi, lakini ndani yake mna mambo matatu yaliyosukwa pamoja. Kuna mtihani ulioachwa katikati, kuna kazi ambayo mikono yako inaifanya kwa jina la mtu mwingine, na kuna cheo ambacho watu wamekuvika kabla ya wakati wake. Nadhani usingizi unakupotea kwa sababu kila ukilishika moja yanakuja yote.

Nianze na mtihani. Umeandika "pengine nifeli tena" kama mtu ambaye hukumu yake imeshasomwa. Lakini kwa maelezo yako mwenyewe, masomo mengi umeyavuka na yaliyobaki ni mawili. Kama bado yanahesabika hivyo kwenye kumbukumbu zao, au muda umepita unatakiwa kuanza upya, hulijui wewe wala silijui mimi, na jibu huenda limo kwenye barua pepe ambazo hujazifungua. Mwanangu, baba yako anatafuta mnunuzi wa kiwanja kwa ajili ya ada ambayo hakuna aliyeuliza ni ya masomo mawili au ya mwaka mzima! Kabla ya kuamua lolote, ungezifungua. Kisha mwandikie msajili, uulize kwa maandishi hali yako ikoje, masomo gani yanasimama, ukomo wa muda ni upi, na akujibu kwa maandishi. Usitegemee ya kuambiwa na mwenzako wa darasa, taratibu hizi zimekuwa zikibadilika.

Najua hofu ya kurudi ilikotoka. Sote tunakumbuka Oktoba 2022, yalipotoka matokeo ya watahiniwa 633 na waliofaulu moja kwa moja wakawa 26 tu. 342 wakapangiwa kurudia na 265 wakaondolewa. Nchi nzima ikazizima, aliyekuwa waziri wa Katiba na Sheria, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ichunguze, na kila mtu akawa na lake: vyuo vikuu vinapitisha watu hawajaiva, Kiingereza ni shida, shule inabana mno. Takwimu zile ziliwafariji wengi waliokwama, na mimi sina ugomvi na faraja. Ila kuna walioigeuza faraja ile kuwa mto wa kulalia. Ukishasema "kule hakupitiki", huna tena haja ya kujiuliza wewe ulikwamia wapi hasa.

Na hapo ndipo barua yako iliponishangaza. Unasema unaandika vizuri, hata mawakili wanakuletea kazi zao, na nakuamini. Halafu moja ya masomo mawili yaliyokugomea ni uandishi wa nyaraka. Nilimuuliza yule wakili inawezekanaje. Hakusita hata kidogo. Alisema ofisini mtu anafungua faili la mteja wa mwezi jana, anabadilisha majina, tarehe na namba ya kiwanja, anachapa. Inatoka nyaraka safi. Kwenye mtihani unapewa kisa tu, mtu fulani amefanyiwa hivi na fulani tarehe fulani, halafu wewe ndiye uamue inahitajika nyaraka gani, inakwenda mahakama ipi, chini ya kifungu kipi, kiapo kinachoambatana nacho kiseme nini na kisiseme nini, na pale chini kwenye uthibitisho aya zipi mwapaji anazijua mwenyewe na zipi ameambiwa. Hapo hakuna faili la zamani la kufungua. Akaongeza kwamba masomo yako mawili ni ndugu: asiyejua mwenendo wa mashauri ya madai hawezi kujua aandike nini, kwa hiyo yanaanguka pamoja na yanainuka pamoja.

Simaanishi kwamba hujui kazi. Ninachokuuliza ni kama mazoezi unayoyapata pale ofisini ndiyo yale mtihani unayoyataka. Kama siyo, hata ukikaa pale miaka mitano mingine, utarudi Dar ukiwa karani hodari zaidi na mtahiniwa yuleyule. Na kama mara ya kwanza uliangushwa na uchovu wa Mbagala na vitenge vya usiku, hilo nalo lina dawa yake, na ni tofauti kabisa. Mwenye kujua ni wewe. Kaa na karatasi zako za maswali uzijibu kwa saa, bila kompyuta ya ofisi, umpe mtu akusahihishe bila huruma.

Nije kwa bosi wako. Anaposema "sisi hatukupita huko" anasema kweli, ila kaacha nusu ya habari. Law School ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi 2008. Kabla ya hapo mhitimu alikwenda kwenye mafunzo ya kazi, kisha akatahiniwa na Baraza la Elimu ya Sheria, ndipo akapeleka maombi yake kwa Jaji Mkuu na kuapishwa. Yaani naye alipimwa, akaapa, jina lake likaingia kwenye orodha ya mawakili, na leseni yake huisha kila tarehe 31 Desemba mpaka aihuishe. Mlango ulibadilishwa, lakini haukuwahi kuwa wazi. Hiyo nusu kwa nusu ya Ifakara anakugawia pesa tu. Kiapo chake na leseni yake hawezi kukugawia hata akitaka.

Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza mtu asiye na sifa kufanya kazi ya wakili, na inamhesabia kosa hata akiandaa tu nyaraka za mali au za shauri kwa malipo. Ukiwa karani na wakili yuko mezani kwake, anasoma ulichoandika, anakibeba kwa jina lake, uko salama. Ofisi zote nchini zinaendeshwa hivyo. Ifakara nani atasoma? Mtaani kuna jina la mtu anayekaa na mhuri wa wakili ambaye hayupo, na unalijua. Ni kishoka. Nalitaja kwa sababu siku mambo yakiharibika ndilo litakaloandikwa, na wala hapatakuwa na nafasi ya kueleza kwamba una shahada. Siku hizi mtu yeyote mwenye simu anaingia kwenye mfumo wa mahakama wa e-Wakili, anaandika jina, anaona kama lipo.

Tena, samahani kwa kulisema hili, hatari haikusubiri Ifakara. Lile faili la kijani lilimfanya yule wakili anyamaze kwenye simu kwa muda. Sheria ya makamishna wa viapo, Sura ya 12, inamtaka kamishna wa viapo, yaani yule anayemwapisha mteja, aeleze kwa ukweli mahali na tarehe kiapo kilipoapwa. Kiapo kinachosema Morogoro, mbele ya mtu aliyeko kwenye basi, kimesema uongo kabla hata mteja hajasema lake. Mpinzani akiligundua ataweka pingamizi, na anayepoteza kwanza ni yule mteja wa mirathi aliyekuamini, maana shauri linaweza kutupwa na aanze moja. Bosi wako atakuwa na maswali ya kujibu mbele ya Kamati ya Mawakili. Na wewe, kama bado una ndoto ya kuapishwa, siku moja utaomba uandikishwe kwa Jaji Mkuu, ambako tabia ya mwombaji nayo huangaliwa, na kila mwenye kinyongo atakuwa na la kusema.

Sikwambii uache kazi kesho, najua kodi ya nyumba hailipwi kwa maadili. Lakini kuna njia kati ya kuacha na kuendelea vilevile. Unaweza kumwambia bosi, kwa heshima yake yote: "Baba, nyaraka nitaandaa zote, viapo vikusubiri urudi, au nimpeleke mteja kwa kamishna mwingine hapo mtaa wa pili." Jibu atakalokupa litakuonyesha mengi kuhusu tawi la Ifakara. Inawezekana akakubali, mkapanga Ifakara ya namna nyingine, yeye awe anakuja kwa siku zinazojulikana, wewe upokee wateja na kupanga mafaili, na hakuna kinachotoka bila jicho lake. Mapato yatapungua. Inawezekana pia akakasirika ukakosa kazi, na hilo lipime kabla hujafungua mdomo. Uwe na akiba, au ofisi nyingine ya kubishia hodi.

Umeuliza pia kama uachane na sheria kabisa. Swali hilo limekaa vibaya kidogo, kwa sababu linadhani sheria ni uwakili tu. Nakiri njia nyingine nazo zina vizingiti: nafasi nyingi za maafisa sheria na mawakili wa Serikali zinataka uwe umepita Law School, na mahakimu hali ni hiyohiyo. Lakini benki, bima, taasisi za mikopo na idara za rasilimali watu huajiri wenye shahada yako bila kuuliza joho. Matangazo ya watendaji wa vijiji na kata huitaja sheria miongoni mwa fani zinazokubalika. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yao ni kuelimisha na kuelekeza watu. Hawatozi ada wala hawasimami mahakamani kumwakilisha mtu, kwa hiyo usitegemee kujenga nyumba kwa hiyo, ila ni kazi ya heshima inayofanywa mchana kweupe. Wengine wamekaa huko miaka kadhaa wakajipanga, wakarudi Law School na akiba yao. Wengine hawakurudi na hawajutii. Ungependa kuwa kundi gani, sijui, na nadhani wewe pia bado hujajiuliza ukiwa umetulia.

Hela. Kabla ya kiwanja, waulize Bodi ya Mikopo. Wamekuwa wakipokea maombi ya wanafunzi wa Law School, angalia vigezo vya mwaka huu na kama anayerudia anahesabika. Hesabu pia gharama nzima, maana ada mara nyingi ndiyo sehemu ndogo. Kilichokuangusha mwanzo ni nauli na pa kulala. Kama utarudi tena kugombea daladala alfajiri na kuuza vitenge usiku, kiwanja kitauzwa na tatizo litabaki palepale.

Kuhusu harusi, mchumba wako anajua, na hilo ni jambo kubwa kuliko unavyolipa uzito. Ila "anachukulia ni la muda tu" ni maneno yako au yake? Je, mkiamua usirudi, bado ni sawa kwake? Hilo zungumzeni wawili, mbali na simu. Lile kundi la michango halihitaji hotuba ya kukiri. Mchumba wako awaombe ndugu zake wabadilishe jina lisomeke majina yenu mawili, bila vyeo. Watu watachanga vilevile, na atakayetoa pungufu kwa sababu bibi harusi si wakili bora mumjue mapema. Ukiacha likae hivyo, kadi zitachapwa, mshehereshaji atalirudia ukumbini, na baada ya hapo kulitoa litakuwa jambo zito. Unaweza pia kuamua linyamaziwe mpaka baada ya harusi. Wapo wafanyao hivyo. Ila ujue unamwachia mumeo mzigo wa kuuficha kwa ndugu zake.

Mdogo wako amekunyamazia kwa uamuzi ambao hukuufanya. Yeye anajua hivyo? Na baba, mwalimu wa watu, anajua kwamba hukumtuma? Mimi ningeanzia hapo, kwa sababu mnunuzi wa kiwanja hasubiri barua za magazetini. Nenda nyumbani mwisho wa wiki hii, kaa na wote wawili, sema wazi umebakiza nini, hujui nini, na utakuwa umejibiwa lini na msajili. Waombe wasiuze kitu mpaka jibu lije. Baba anaweza kusisitiza, wazazi wetu wakishaamua kujitoa huwa wabishi. Basi muulize, kama ni lazima, auze au akope kwa dhamana, na mdogo wako atafidiwa vipi, yaandikwe na wote watatu msaini. Nyaraka hiyo, kwa kweli, unaweza kuiandaa mwenyewe, maana ni ya familia na hakuna anayekulipa.

Ukishapata majibu ya msajili niandikie tena.

Anti